Kamera haimjui mtu wako



Katika nyumba nyingi za kwetu kuna picha moja ukutani ambayo kila mgeni huonyeshwa kabla hajamaliza kuketi. Ni picha ya baba aliyefariki, au ya arusi ya wazazi, au ya mtoto siku ya komunyo yake ya kwanza. Haikugharimu fedha nyingi. Lakini nyumba ikishika moto, watoto wakiisha kutoka salama, picha hiyo ndiyo tutakayoikimbilia. Ndiyo maana juma hili tumependa kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kupiga picha: jinsi ya kupata uso ulio wazi, na jinsi ya kutumia taa ya flashi bila kuharibu mambo.

Twasema hasa na wale walionunua, au waliopewa, kamera yao ya kwanza ya aina iitwayo DSLR. Ni kamera ya kidijitali yenye lenzi inayotolewa na kurudishwa, na ndani yake mna kioo kidogo kinachopeleka nuru juu mpaka kwenye tundu la kutazamia. Viwanda vikubwa vimegeukia kamera zisizo na kioo hicho, na hivyo nyingi za zile za kwanza zauzwa mitumba kwa bei isiyotisha. Vijana wengi wa miji yetu wameanza kazi kwa kamera ya namna hiyo na lenzi moja tu, ile inayokuja nayo sandukuni, iliyoandikwa 18-55 mm. Ni chombo chema. Lakini mwenye chombo chema asiyejua desturi zake huweza kupata aibu kuliko jirani mwenye simu ya mkononi tu. Sisi twalijua jambo hili, kwa kuwa lilitupata.

SIKU YA UBATIZO

Ilikuwa siku ya ubatizo wa mtoto wa mpwa wetu, hapa Bukavu. Mama mkubwa wetu, dada wa mama, yeye aliyetulea, alivuka ziwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Idjwi, ingawa miguu yake ilikuwa imeanza kukataa safari. Alivaa nguo zake nzuri, akampakata mtoto, akakaa kimya kwa furaha. Sisi tulikuwa na kamera mpya shingoni. Tulipiga picha zaidi ya mia moja. Kila mara kamera ililia kidogo, kama desturi yake ikiona imepata kitu, nasi tukaridhika.

Jioni tulizitazama picha zile katika kompyuta. Mama mkubwa amempakata mtoto: mishumaa iliyo nyuma yake yaonekana wazi hata utambi, lakini uso wake ni kama uso unaotazamwa kupitia mvuke wa chungu. Picha nyingine, iliyopigwa kwa flashi: paji la mtoto jeupe kama unga, mama mkubwa nyuma kidogo amefifia, na jamaa wote wengine wamemezwa na usiku, ingawa ilikuwa saa nne ya asubuhi. Tukajiambia: si neno, atakuja tena wakati wa Noeli.

Hakuja tena. Alifariki kabla ya Noeli. Siku ya kilio mpwa wetu alitujia, akasema: “Mjomba, tupe ile picha ya nyanya na mtoto, tuiweke juu ya sanduku.” Tulikuwa na picha mia na zaidi, wala hatukuwa na moja ya kumpa. Ikawekwa picha iliyokuzwa kutoka kadi yake ya mpiga kura, ndogo, yenye chembechembe, ambamo macho yake yanatazama kama mtu anayeulizwa maswali.

Tangu siku ile tulitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Kamera haikuwa mbovu. Lenzi haikuwa mbovu. Kosa letu lilikuwa moja, ingawa lilikuwa na sura nyingi: tulidhani kamera yamjua yule tunayetaka kumwona. Haimjui. Kamera huona nuru na giza, mistari na madoa, haimwoni mama. Kazi ya kumwonyesha ni yako wewe uliyeishika.

KWANZA UJUE UGONJWA

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Picha isiyo wazi ina magonjwa mbalimbali, na kila ugonjwa una alama yake. Ifungue picha katika skrini, uikuze, uitafute alama.

Kama uso umefifia lakini kitu kingine mbele au nyuma yake ki wazi sana, kama ile mishumaa yetu, basi kamera ililenga mahali pengine. Huo ni ugonjwa wa fokasi.

Kama vitu vyote, watu na ukuta pamoja, vimevutwa upande mmoja kama rangi iliyopanguswa kwa kidole, basi mkono wako ulitikisika.

Kama ukuta na viti vi wazi, bali mtoto peke yake ana mikono minne, basi mtoto alikuwa akitembea, na kamera haikuwa na mbio za kutosha kumshika.

Kama kila picha, ya ndani na ya nje, ina utandu mweupe, tazama kioo cha lenzi. Vumbi la kiangazi na alama za vidole hufanya hivyo. Lipulize vumbi kwanza, kisha upanguse polepole kwa kitambaa laini kikavu cha lenzi. Usitumie upindo wa shati lenye mchanga.

Tena kuna jambo moja ambalo limewafanya watu wengi kuirudisha kamera dukani bure. Ukitazama katika tundu ukaona ukungu, lakini picha zenyewe zikiwa safi, kamera ni nzima. Kando ya tundu pana gurudumu dogo lililowekwa kwa ajili ya macho ya watu mbalimbali. Lizungushe mpaka maandishi yaliyo ndani yasomeke vizuri, na neno limekwisha.

MWONYESHE KAMERA NI NANI

Ndani ya tundu la kutazamia utaona vidoto au vijisanduku vidogo, 9 katika kamera nyingi za Canon za kuanzia, 11 katika nyingi za Nikon. Hivyo ndivyo mahali ambapo kamera yaweza kulenga. Ukiiacha ichague yenyewe, mara nyingi itachagua kitu kilicho karibu zaidi au chenye mistari inayoonekana kwa urahisi: ua la mezani, bega la jirani, mshumaa. Haikukosa, ilifanya kazi uliyoiachia.

Basi ingia katika orodha ya kamera, uchague kidoto kimoja tu. Kwa anayeanza, chafaa kile cha katikati, kwa maana katika kamera hizi ndicho chenye nguvu kuliko vingine, hasa mahali penye giza. Kiweke juu ya jicho la mtu, lile lililo karibu nawe. Jicho likiwa wazi, mtazamaji husamehe sikio lililofifia. Jicho likififia, hakuna kitambaa wala maua yatakayoiokoa picha.

Bonyeza kifungo nusu ya njia. Ngoja kamera ilie au taa ndogo iwake ndani ya tundu. Bila kuachia kidole, ugeuze kamera kidogo ukitaka kumweka mtu pembeni, kisha ubonyeze mpaka mwisho. Hiyo nusu ya njia ndiyo siri ambayo wengi hawakuambiwa. Anayebonyeza mara moja kwa nguvu huikosesha kamera nafasi ya kutazama, tena huitikisa.

Kwa mtu aliyeketi, chagua njia iitwayo ONE SHOT katika Canon, au AF-S katika Nikon: kamera hulenga mara moja na kutulia. Kwa mtoto anayekimbia au wachezaji wa ngoma, chagua AI SERVO au AF-C: kamera huendelea kumfuata muda wote ushikapo kidole nusu ya njia. Ukitumia ile ya kutulia kwa mtoto anayekimbia, utapata picha safi ya mahali alipokuwa.

Kamera hulenga kwa kutafuta mstari kati ya cheupe na cheusi. Ukiielekeza penye ukuta mtupu, au koti jeusi, au shavu katika giza, lenzi itakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza funguo. Tafuta ukingo: ukope, ukosi wa shati, ukingo wa miwani, mradi uwe mbali sawasawa na jicho. Tena utazame kwa tundu, wala si kwa skrini ya nyuma, maana katika nyingi za kamera hizi kulenga kwa skrini ni kazi ya polepole.

Yafaa kujua pia kwamba sehemu iliyo wazi katika picha ina unene wake, kama ubao. Mbele ya ubao ni ukungu, na nyuma yake ni ukungu. Unene huo hutoka katika mboni ya lenzi, inayofunguka na kufumba kama mboni ya jicho la paka. Hesabu ndogo, kama f/1.8, ni mboni pana. Hesabu kubwa, kama f/8, ni mboni nyembamba. Kwa lenzi ya 55 mm iliyofunguliwa f/5.6, mtu akiwa meta 2 kutoka kwako, ubao una unene wa sentimeta 28 hivi. Kwa lenzi ya 50 mm iliyofunguliwa f/1.8, ni sentimeta 11 tu: macho yatakuwa wazi, na ukisogea mbele kidogo kwa kuinama umekwisha kumpoteza. Basi kwa jamaa waliosimama safu mbili au tatu, funga mboni mpaka f/8, uwasogeze karibu karibu, na ulenge safu ya mbele au ya pili, wala si mtu wa nyuma kabisa.

MKONO NA MBIO ZA PAZIA

Ndani ya kamera mna pazia linalofunguka kuingiza nuru, kisha hufungwa. Likikaa wazi muda mrefu, kila mtikisiko wa mkono na kila hatua ya mtoto huandikwa. Kwa lenzi hii ya 55 mm usishuke chini ya 1/100 ya sekunde bila kuegemea kitu. Watu waliosimama wakizungumza wataka 1/125. Wachezaji wa ngoma, 1/250 au zaidi. Watoto wanaokimbia, 1/500. Lenzi nyingi zina chombo cha kutuliza mtikisiko. Ni msaada mwema, lakini chatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto.

Ushikaji nao una adabu yake. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi kama unayebeba bakuli. Viwiko viguse mbavu. Mguu mmoja mbele. Toa pumzi polepole, kisha ubonyeze. Ukipata nguzo au ukuta, uegemee bila aibu.

Mtu atauliza: ndani ya kanisa nuru ni kidogo, nitapata wapi mbio hizo? Utazipata katika hesabu ya ISO. Nje penye jua, ISO 100 yatosha. Chini ya mti, 400. Ndani ya nyumba au kanisa, usiogope 1600, hata 3200. Utaona chembechembe kidogo, kama za mchanga mwembamba. Chembechembe zitasamehewa, lakini uso uliofifia haurudi. Laiti tungalijua hilo siku ya ubatizo! Kamera yetu ilikuwa katika ISO 100 tangu asubuhi, kwa kuwa mtu mmoja alitwambia hesabu ndogo ndiyo safi.

FLASHI NI TAA YENYE MKONO MFUPI

Tusiidharau flashi. Katika miaka ya 1950 na 1960, Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alizunguka usiku katika baa za Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akiwapiga picha wanamuziki na wachezaji. Bila flashi yake tusingalijua nyuso za usiku zile. Lakini alijua mkono wake wafika wapi, naye alikwenda karibu.

Nuru ya flashi hupungua upesi kuliko tunavyodhani. Mtu aliye mbali mara mbili hapati nusu ya nuru, apata robo. Aliye mbali mara tatu apata sehemu moja katika tisa. Ndiyo sababu paji la mtoto lilikuwa jeupe na jamaa wa nyuma wakapotea. Haikuwa hasira ya kamera. Ni sheria ya nuru yenyewe.

Flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera ina nguvu yake, inayoandikwa kwa hesabu katika kitabu cha maelezo. Katika kamera za kuanzia hesabu hiyo mara nyingi ni kati ya 7 na 12, kwa meta, katika ISO 100. Igawanye kwa hesabu ya mboni, utapata umbali. Flashi ya 12, mboni f/5.6: 12 kwa 5.6 ni meta 2 na kidogo, hatua tatu za mtu mzima. Hapo ndipo mwisho wa mkono wake. Ukipandisha ISO mpaka 400, wafika meta 4. ISO 1600, meta 8 na nusu. Anayesimama nyuma ya kanisa na kuwasha flashi kumpiga bwana arusi aliye mbele ya altare huwapa nuru migongo ya watu wa benchi lililo mbele yake, basi.

Mwanzo mwema kwa picha za ndani ni huu: weka kamera katika M, pazia 1/100, mboni f/5.6, ISO 800, flashi iachwe ijipime yenyewe. ISO hiyo huingiza nuru ya taa na madirisha, hata nyuma ya watu pasiwe shimo jeusi, na flashi humalizia nyuso. Pazia lisipite 1/200, kwa maana katika nyingi za kamera hizi huo ndio mwisho wa mbio zinazokubaliana na flashi. Usiogope kwamba 1/100 ni polepole: flashi yenyewe huwaka kwa kitambo kidogo mno, kama 1/1000 ya sekunde au pungufu, na pahali penye giza kitambo hicho ndicho kinachomshika mchezaji angali hewani.

Kuna makosa mengine madogo, yenye dawa ndogo. Toa kile kikombe cha plastiki kilicho mbele ya lenzi, maana kivuli chake huonekana chini ya picha kama nusu ya mwezi mweusi. Watu wasiegemee ukuta. Wasogeze hatua mbili mbele, na kivuli kibaya kilicho nyuma ya vichwa vyao kitaanguka chini. Mzee mwenye miwani ainamishe kidogo uso, au augeuze upande, ili vioo visirudishe nuru kwako. Kwa macho mekundu, ongeza nuru ya chumba na umwambie mtu asitazame lenzi moja kwa moja. Wengine hubandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya flashi. Hupunguza nguvu zaidi ya kulainisha kivuli, kwa sababu taa yabaki ndogo vilevile.

Atakayeendelea na kazi hii anunue flashi ya nje yenye kichwa kinachoinama. Akielekeze juu kwenye dari nyeupe, na dari yote itakuwa taa, nayo nuru itashuka laini juu ya watu. Lakini dari iwe nyeupe, tena isiwe juu sana. Dari ya mbao hurudisha nuru ya manjano, na ile ya kanisa kubwa hairudishi kitu. Hapo geukia ukuta mweupe ulio karibu.

NGOZI YETU NA NGUO NYEUPE

Hapa twataka kusema neno ambalo vitabu vingi vya kamera hulipita haraka. Kipimo cha kamera hudhani kwamba mambo yote yaliyo mbele yake, ukiyachanganya pamoja, ni ya rangi ya kijivu ya katikati. Mtoto wa ubatizo na bibi arusi wamevaa nyeupe nyingi. Flashi huona nyeupe ile ikirudisha nuru tele, hudhani imezidi, hujipunguza. Nguo yapata kuwa kijivu, na uso mweusi wapotea.

Ubaya huu una historia ndefu. Tangu miaka ya 1950, maabara nyingi zilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza wa kampuni ya Kodak aliyepigwa picha hizo. Miaka ya 1990 ndipo Kodak walipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera za leo ni nzuri kuliko filamu za zamani, lakini bado hazijui kama mbele yao pana shati jeupe au ukuta mweupe. Ni juu yako kuzisahihisha.

Kwa hiyo, penye nguo nyeupe nyingi, ongeza flashi kwa alama ya + mpaka 0.7 au 1. Penye makoti meusi na pazia jeusi, ipunguze kwa kiasi hicho hicho. Piga moja, ikuze katika skrini mpaka uone jicho, utazame kama ngozi ina uhai wake na nguo ina mikunjo yake. Usihukumu kwa picha nzima katika skrini ile ndogo: hapo kila picha ni nzuri. Uwe pia na kitambaa safi mfukoni. Jasho kwenye paji hurudisha flashi kama kioo, na mtu husema kamera imemharibu, kumbe kitambaa kingalitosha.

MLANGO ULIO WAZI

Baada ya maneno yote hayo juu ya flashi, twakiri kwamba picha zetu bora za wazee tumezipata bila hiyo. Mketishe mzee ndani ya nyumba, hatua moja au mbili kutoka mlangoni, uso wake ukielekea nje, mahali ambapo jua halimpigi. Wewe simama karibu na mlango, kando kidogo, usimzibie nuru. Mlango ni taa kubwa, na taa kubwa hutoa kivuli laini. Weka ISO 400 au 800, pazia 1/125, kidoto cha katikati juu ya jicho lililo karibu. Kisha umwulize juu ya jambo analolipenda: ng'ombe wake, safari ya kwanza ya mji, jina alilopewa na babu yake. Akianza kusimulia, bonyeza nusu ya njia, ngoja, halafu umalizie.

Na kanisani, umwulize padre kwanza kama flashi yaruhusiwa, na wakati gani. Watu wamekuja kusali. Mpiga picha asiwe ndiye anayetazamwa. Usiiwashe karibu sana mbele ya uso wa mtoto mchanga wala wa mzee mwenye macho dhaifu.

Juma hili jaribuni zoezi moja tu, lisilo na gharama. Mwite mtu wa nyumbani, akae mlangoni kama tulivyosema. Piga picha tano ukiiacha kamera ichague, na tano ukichagua wewe. Zikuze zote, uyatazame macho. Hutahitaji mwalimu mwingine.

Mwaka uliofuata, mpwa wetu alipata mtoto wa pili. Safari hii aliyempakata alikuwa mjomba wetu mzee, ndugu ya mama mkubwa, naye pia ametoka Idjwi. Tulimketisha mlangoni. Tulipiga picha kumi na mbili tu. Katika ya saba macho yake yanaonekana wazi, hata mshipa wa kope, na mkono wa mtoto umeshika ukosi wake. Mpwa wetu aliitazama kwa muda. Akasema: “Asante, mjomba. Sasa na ile ya nyanya uitoe pia, hata kama haionekani.” Tukaitoa. Zimetundikwa pamoja ukutani, moja wazi, moja yenye ukungu, na wageni huonyeshwa zote mbili.

Ndugu msomaji, kama nyumbani mwenu yuko mzee ambaye bado hamna picha yake nzuri, usingoje Noeli.

Mpaka juma lijalo.